Rekodi ya Bi Lathrop na Bata Mzinga wa Orlin Ubben

Miaka haina haraka katika nchi ya mahindi. Huingia na theluji, hutoka na theluji, na baina ya theluji mbili mahindi huota, hukomaa, huvunwa, na mwanadamu hujikuta amezeeka bila kuambiwa. Katika kaunti zile za jimbo la Iowa, Marekani, kila majira ya baridi ya nne huja msafara wa wagombea urais, wakishikana mikono na wakulima na kuzisifu keki ambazo hawazimalizi. Kisha huondoka, na theluji ikazifuta nyayo zao. Katika mwendo huo wa pole Orlin Ubben alizaliwa, akafuga bata mzinga, akapata upara, akaoa kwa kuchelewa, akawa mzee. Katika yote hayo alibakiza kinyongo kimoja tu, akakihifadhi kama watu wengine wanavyohifadhi suti ya harusi: hukitoa kwa nadra, hukipiga brashi, hukirudisha kabatini kikiwa safi.

Kinyongo hicho kilimhusu Bi Corinne Lathrop. Zamani, alipokuwa binti mbichi na mwendesha mashtaka wa kaunti yao, Bi Lathrop alimfikisha Orlin mahakamani kwa sababu ya bata mzinga aliyeitwa Jenerali. Ndege yule alikuwa akimvizia tarishi wa posta langoni kwa Orlin kila siku ya Mungu. Alimrarulia mkoba, na siku moja alimkimbiza hadi juu ya paa la gari lake, akamzuia huko hadi kengele ya adhuhuri ikalia. Mbele ya hakimu, Bi Lathrop alitamka sentensi ambayo haikutoka tena katika sikio la Orlin: "Mheshimiwa, mtu huyu hana mamlaka hata juu ya kuku wake." Mahakama nzima ikacheka.

"Jenerali hakuwa kuku," Orlin alizoea kusema, kidole kikiwa juu. "Alikuwa bata mzinga. Mwanasheria asiyemjua hata ndege anayemshtaki, ataijuaje nchi?"

Adhabu ilikuwa ya ajabu kama kosa lenyewe. Orlin aliamriwa kumsindikiza tarishi kwa miguu, majira yote ya machipuko, katika barabara ile ndefu, akiwa na ufagio mkononi wa kumzuia Jenerali. Tarishi mwenyewe alikuwa Ardith. Machipuko yakaisha, hukumu ikaisha, lakini mfungwa hakurudi kwake. Mavuno yalipofika, wawili hao walikuwa wamekwisha kufunga ndoa.

Sasa Bi Lathrop, mwenye mvi na jina kubwa, alikuwa akiomba chama chake kimteue kugombea urais, na kiongozi wa wafuasi wake katika mji mdogo wa Harlow Grove hakuwa mwingine ila Ardith Ubben.

Kwa desturi ya watu hao, mchujo haufanywi kwa siri. Majirani hukusanyika ukumbini, kila kundi la mgombea mmoja likasimama kona yake, na huhesabiwa kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Tangu waoane, Orlin na Ardith hawakuwahi kusimama mbalimbali. Ardith hutaja nambari yake, na Orlin hutaja inayofuata, kama itikio la Amina linavyoifuata dua.

Asubuhi ya siku ile Orlin aliweka kikombe chini na kutangaza, "Mimi kwa yule mama sisimami."

"Basi kasimame na friji," alijibu Ardith, "maana jioni ya leo hilo ndilo litakalokupikia."

Kisha akakunja kitambaa cha meza, akafungua tena. "Lakini tukisimama mbalimbali leo, Orlin, itakuwa mara ya kwanza." Hakucheka aliposema hivyo, na Orlin alikwenda nalo neno hilo siku nzima kama kokoto ndani ya kiatu.

Jioni walikutana katika ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Mabuti yaliacha vidimbwi sakafuni, na meza ya vitamutamu ilikwisha kushambuliwa kabla ya sala ya ufunguzi. Mwenyekiti alikuwa Dwight Meinders, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyepanda juu ya kiti kidogo cha watoto ili aonekane. Ardith alisimama na watu wake kona ya mlangoni. Orlin, akiwa amevaa tai ileile aliyoivaa mahakamani, alikwenda chini ya goli la mpira wa kikapu, kwa kundi la Wasioamua, ambalo jumla yake ilikuwa yeye na Verle Stroh, muuza mbegu, aliyekuja kwa ajili ya keki.

Hesabu ya kwanza ikapigwa. "Kona ya Lathrop, kumi na saba," alisema Dwight. "Kundi lolote lisilotimiza kumi na wanane litavunjwa. Shawishianeni, jamani, ila kwa adabu. Mwaka ule mwingine tulivunja kiti."

Hapo mjadala ukawaka. Kendra, muuguzi wa zahanati, alikuwa wa kwanza. "Rekodi ya huyo mama mnaijua? Alikuwa mkali mno! Mtoto akitupa yai, anapelekwa mahakamani."

"Mkali?" Verle alimeza kipande chake haraka. "Aliyeiba trekta yangu aliambiwa akafyeke nyasi makaburini! Kwa trekta yangu! Huyo mama laini kama siagi."

"Hebu amueni basi," mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Mkali au laini?"

"Jumatatu mkali, Jumapili laini," alisema Kendra. "Ndiyo ubaya wake, hatabiriki."

"Kama mke wangu," alisema Verle.

"Ndiyo maana amekuacha nyumbani kwa mama yako," Kendra akamjibu, na ukumbi ukaangua kicheko.

Dwight alipunga kofia juu. "Ngojeni, ngojeni. Tuna shahidi hai humu ndani. Orlin, wewe si ulishtakiwa naye? Hebu tupe ushahidi, mzee."

Orlin alikuwa akiingoja siku hiyo kwa nusu ya umri wake. Akanyoosha tai, akasogea katikati ya uwanja, akaeleza kila kitu kwa mpangilio: lango, mkoba, paa la gari, na ile sentensi ya kuku. Alipofika kwenye adhabu, alipaza sauti kwa uchungu.

"Nikapewa ufagio! Mbele ya mji mzima! Machipuko yote natembea nyuma ya tarishi kama bibi arusi aliyekosa gauni!"

"Na baada ya hapo?" aliuliza Kendra, akijifanya hajui.

"Baada ya hapo… adhabu ikaisha."

"Ikaisha vipi, Baba Ubben?"

"Nika…" Orlin alikohoa. "Nikaoa."

Ukumbi ulitikisika. Verle alilazimika kushika nguzo ya goli. "Hiyo ni adhabu au posa?" alisema huku machozi yakimtoka. "Mtu serikali imemtafutia mke, imempa na ufagio wa kuanzia maisha, halafu analalamika! Mimi tangu niachwe natafuta mchumba kanisani, sijapata hata wa kuniazima mwavuli!"

"Si hoja hiyo!" Orlin alinguruma, masikio yakiwa mekundu. "Hoja ni kwamba yule mama aliibuni adhabu ile ili anidhalilishe!"

"Hakuibuni yeye," ilisema sauti kutoka kona ya mlangoni.

Watu wote waligeuka. Ardith alikuwa ameshika bango la Bi Lathrop kifuani kama ngao.

"Mashtaka yalipoandikwa," alisema, "yeye alitaka Jenerali achinjwe, mambo yaishe. Nikamwendea ofisini. Nikamwambia, mama, ndege msimguse. Nileteeni mwenye ndege."

Orlin alimgeukia. "Wewe? Kwa nini, Ardith?"

"Kwa sababu siku ile niliyokuwa juu ya paa ulitoka nje na soksi mbili zisizofanana, ukamwomba radhi Jenerali kwanza kwa kumpigia kelele, ndipo ukaniomba mimi. Nikasema moyoni, mwanamume anayemstahi ndege kiasi hiki, akipata mke atakuwaje? Nikataka kuona. Mpaka leo naangalia."

Orlin alitazama viatu vyake. Kinyongo alichokipiga brashi miaka yote ile, kumbe kilikuwa vazi lililoshonwa na mkewe mwenyewe.

"Na lile neno la kuku?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Lile ni lake peke yake," alisema Ardith. "Hata mimi liliniudhi."

Orlin alirudi chini ya goli. Mtu hawezi kuibadili njia aliyoizoea nusu ya umri wake kwa hatua moja, hasa mbele ya macho ya majirani. Dwight akatangaza hesabu ya mwisho. Mlango ukafunguliwa na mtu aliyechelewa, upepo wa barafu ukapita katika kona ya Lathrop, na Orlin akamwona Ardith akijikunyata. Akagundua kwamba koti la mkewe lilikuwa mkononi mwake yeye, alimolisahau tangu walipoingia. Basi akavuka ukumbi kumpelekea, kama ambavyo angefanya siku yoyote, huku hesabu ikiendelea kupigwa.

"Kumi na sita," alisema jirani.

"Kumi na saba," alisema Ardith, akiingiza mkono katika koti.

"Kumi na nane," alisema Orlin, akimshikia mkono wa pili.

Ulimi wake ulikwisha kusema kabla akili haijauliza.

Dwight aliinama kutoka juu ya kiti chake cha watoto. "Orlin. Umehesabiwa, au unapita tu?"

Orlin alimtazama mkewe, aliyekuwa akifunga vifungo polepole mno, akijifanya hasikilizi. "Nimehesabiwa," alisema. "Lakini nina azimio. Ilani ya chama si hupelekewa maazimio kutoka hapa? Basi naomba mkutano huu utamke kwamba Jenerali hakuwa kuku."

"Kuna anayeunga mkono?"

"Mimi!" alisema Verle, mdomo ukiwa umejaa.

"Wanaokubali kwamba marehemu Jenerali alikuwa bata mzinga, semeni ndiyo!"

Ndiyo iliyotoka ilitikisa madirisha, na inasemekana hata makundi ya wapinzani wa Bi Lathrop hayakubakiza sauti. Ilikuwa hoja pekee usiku ule iliyopita bila mpinzani. Wawili hao wakatoka kwenye theluji, Orlin akitangulia kufuta kioo cha gari kwa ufagio mdogo, na Ardith akimwambia kwamba bado ameacha kona moja.

Ewe Mola uliyewaumba ndege kwa aina zao na watu kwa visirani vyao, mjalie Orlin Ubben na Ardith wake uzee wa nyumba moja na kona moja; wabariki watoto wao na watoto wa watoto wao, uwape wenzi wa kuwashikia makoti wakati wa baridi; na lango lile uliweke salama, kwa tarishi anayekuja na kwa wajukuu wa Jenerali wanaomngoja. Amina.