Shangazi Msoma Plagi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ameuza vipuri vya magari kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hajawahi kumuuzia mtu plagi mpya kabla ya kuziona za zamani. Ukienda mikono mitupu atakukaribisha, atakujulia hali, hata kiti atakupa, lakini plagi hupati. Wageni hudhani anawatania. Wanaomjua huja nazo zimefungwa kwenye gazeti, kila moja imeandikwa namba ya silinda ilikotoka, kama watu wanaopeleka vipimo maabara.

Huzipanga kwenye trei ya mayai juu ya kaunta, huvaa miwani, kisha husoma. Ncha ikiwa na rangi ya biskuti, anaguna kwa kuridhika. Ikiwa na masizi, injini inakunywa petroli kuliko inavyoweza kuchoma. Ikiwa nyeupe na imetoka malengelenge, anavua miwani, na mwenye gari anaanza kutafuta pa kuangalia. "Unakanyaga sana," atasema, na mteja, hata awe mzee mwenye wajukuu, atainamisha kichwa. Njia ya mwongo ni fupi, na kwa shangazi inaishia kwenye trei ya mayai.

Nasema haya nikiwa nampenda, ingawa kuna Jumamosi moja nilitamani kumfungia stoo na ufunguo niutupe. Mwanamke yule hajui kukosea. Akijikwaa, kosa ni la kizingiti.

Sasa baba. Baba ni mpima ardhi mstaafu. Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe. Yeye alinunua gari dogo la milango minne, karibu rika langu, akalifunga turbo kubwa kuliko adabu inavyoruhusu, akabadilisha mabomba, akaongeza msukumo wa hewa ambayo turbo huipulizia injini. Kazi hiyo ilimchukua miaka minne. Siku ya kwanza ya kulijaribu aliingia nalo dukani kwa shangazi. Sisemi aliliegesha nje. Aliingia nalo, kupitia mlango wa kioo, akasimama kwenye rafu ya mafuta ya breki. Hakuna aliyeumia. Shangazi alikuwa ameshika kikombe cha chai na anadai hakumwaga hata tone, ila hapo nadhani anatia chumvi.

Familia ikakaa kikao, na shangazi, aliyekuwa mlalamikaji, akajifanya pia hakimu. Gari libaki, turbo ibaki, lakini baba aape kuendesha kistaarabu, na kila baada ya miezi mitatu alete plagi zisomwe. Siku zikikutwa zimeungua, shangazi ataifungua turbo ile kwa mkono wake na haitarudi tena. Baba aliapa mbele yetu sote. Mama, mwalimu wa ushonaji ambaye maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole, alikuwa pembeni akipiga pindo la sketi. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Hapo ndipo plagi zilipochaguliwa, na ni lazima nieleze kidogo. Injini ya turbo iliyoongezwa msukumo huwaka joto kali ikikimbizwa, kwa hiyo hutaka plagi za baridi, yaani zile zinazotoa joto haraka. Lakini dereva mpole akifungiwa hizo, zitajaa masizi na gari litakohoa njia nzima. Ndiyo maana shangazi hachagui plagi kwa kuangalia gari peke yake. Huangalia na mguu wa dereva.

"Wewe umeapa," alimwambia baba. "Basi utapewa za kawaida, za mtu aliyeapa."

Na baba alitii, nashuhudia kwa aibu. Nimewahi kupanda naye gari lile tukapitwa na baiskeli iliyobeba mlango. Mara tano mfululizo plagi zake zilitoka na rangi ya biskuti, na shangazi akaguna.

Jumamosi ile ilikuwa mara ya sita. Nilikuwa likizo, tukaenda watatu: baba, mimi, na mama aliyetaka tumpitishe duka la vitambaa. Baba alizifungua plagi nje ya duka huku akiimba chinichini, akazipanga mwenyewe kwenye trei, akasimama na mikono nyuma kama mwanafunzi anayejua amefaulu.

Shangazi akavaa miwani. Akaivua. Akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"Mdogo wangu," akasema, "umekuwa ukienda wapi?"

"Sokoni. Kliniki ya macho. Kwingine niende wapi?"

"Hizi ni nyeupe kama chumvi. Na hivi vitone vinavyong'aa, unaviona? Hiyo ni pistoni yako. Imeanza kuyeyuka. Ungeendelea kidogo tu, ingetoboka."

Baba akaichukua ya silinda ya tatu, akaisogeza karibu na jicho, akaigeuzageuza. Alipigwa na butwaa la kweli. "Dada, sijakimbiza gari," akasema. "Naapa tena ukitaka."

"Kiapo cha kwanza umekifanyia nini, mpaka nikukopeshe cha pili? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Hapo damu ikanichemka. "Shangazi, mtu huyu hupitwa na baiskeli," nikasema. "Nilikuwemo."

"Plagi hazijawahi kunidanganya, mwanangu. Watu ndio hunidanganya." Akavuta droo, akatoa spana, akatoka nje.

Boneti ilikuwa bado wazi. Nilitegemea baba abishe, maana ubishi ni mali ya ukoo wetu na tumegawana sawasawa. Hakubisha. Alinyoosha mkono akasema, "Nipe mimi. Niliifunga mwenyewe, nitaifungua mwenyewe." Akainama, akaweka spana kwenye nati ya kwanza. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama.

Nati ya kwanza ikalegea. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mkoba magotini.

"Wifi," akasema, "hizo plagi zinasema gari limekimbia?"

"Hazisemi, wifi yangu. Zinapiga mayowe."

"Na zinasema alikuwa anaendesha nani?"

Shangazi akageuka, akavua miwani. Miaka thelathini na moja ya kusoma plagi, na swali hilo hakuwahi kuulizwa wala kujiuliza.

"Kila Jumatano anakwenda kliniki," mama akaendelea, kwa sauti ileile ya kumwonyesha mwanafunzi jinsi ya kutunga uzi. "Wanamtia matone ya macho, haoni vizuri, kwa hiyo anapanda basi. Gari linabaki. Na ile barabara mpya nyuma ya kiwanda cha matofali bado haijafunguliwa. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe. Mlinzi wa pale nilimshonea mashati."

"Wewe?" shangazi akasema.

"Tangu miezi miwili iliyopita. Na plagi zako za kawaida hazinifai, wifi. Nikikanyaga kwenye gia ya nne linakatakata, linameza mate. Nipe za baridi zaidi kwa hatua mbili, na nafasi ya kuruka cheche uipunguze, msukumo unaizima."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hilo nilifundishwa darasa la tatu, ila mwalimu hakusema mshindo wenyewe utatoka kwa mama yangu. Nikamuuliza amejifunzia wapi maneno hayo.

"Kitabu cha baba yako kiko juu ya cherehani yangu mwaka mzima. Anadhani nakandamizia kitambaa."

Sote tukamgeukia baba, tukingoja radi. Alikuwa bado ameinama juu ya injini, spana mkononi.

"Gia ya nne?" akauliza.

"Ya nne."

"Turbo inalia?"

"Inalia," mama akasema. "Mwanzoni kama inanong'ona, halafu inalia kwelikweli."

Baba akakaa kwenye bampa. "Mimi sijawahi kuisikia," akasema. "Nimelijenga kwa mikono yangu miaka minne, na sijawahi kupita gia ya tatu."

Hakuna aliyecheka. Shangazi aliingia dukani na tulisikia droo zikifunguliwa na kufungwa kwa nguvu, ishara kwamba anapigana na nafsi yake. Alirudi na boksi dogo na vile vipande vyake vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ya cheche.

"Nimekosea," akasema. Nilitazama kama kipo kizingiti karibu cha kulaumiwa; hakikuwepo. "Nilichagua plagi kwa kuangalia kiapo. Sikuuliza ufunguo unatundikwa wapi."

Akazigonga plagi mpya ncha moja moja taratibu, akipima, akigonga tena, mpaka zote nne zikalingana. Baba akakaza nati aliyoilegeza, akazifunga plagi, akafunga boneti. Kisha akasimama pale, ufunguo kiganjani, kama mtu aliyesahau nyumba yake iko wapi.

"Lakini mimi nimeapa," akasema.

"Umeapa mguu," shangazi akamjibu. "Masikio yako hayakuapa chochote. Mpe mkeo ufunguo."

Kisha akashusha mlango wa duka, saa nne asubuhi, siku ya wateja, akajibana nyuma pamoja nami. Alisema anakuja kikazi, kuzisikiliza plagi.

Mlinzi wa barabara mpya alimwona mama kwenye usukani, akaondoa kizuizi bila kuulizwa, akashika kofia kwa heshima. Mbele yetu lami ilikuwa tupu mpaka macho yalipoishia. Baba akafunga mkanda, akashika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

"Polepole," akasema.

Mama akatii. Tulikwenda polepole, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba alikuwa amegeukia dirishani, asionekane uso.

"Si polepole hivyo," akasema.