Mti wa Padre Niliouchoma Moto

Jumapili iliyopita nilijiaibisha mbele ya waumini wote wa kanisa letu hapa Segese, na tangu siku hiyo usingizi haunijii vizuri. Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kung'oa mihogo yenye batobato, ugonjwa unaotia majani mabaka meupe. Katika bustani ya padre niliona mti mchanga wa kigeni ambao kila jani lake lilikuwa na ukingo mweupe. Padre mwenyewe alikuwa safarini Kahama.

"Msubiri arudi, mwanangu," alinisihi Mama Kulwa, anayemwagilia bustani ile. "Anaupenda sana."

"Ugonjwa hausubiri, mama," nilimjibu, nikaung'oa na kuuchoma moto.

Jumapili hiyo padre alikuwa amerudi, na baada ya misa aliuliza ni nani aliyeung'oa mti wake. Nilisimama upesi, kifua mbele, nikaeleza jinsi nilivyoiokoa mihogo ya watu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Majani yake ndivyo yalivyo tangu kuchipua," alisema taratibu. "Mama yangu alinitumia mche ule kutoka kwetu kabla hajafa. Mwaka huu ungetoa maua kwa mara ya kwanza."

Kanisa lote lilinigeukia, nami bado nilikuwa nimesimama.