Watu Watano wa Mnyapara

Fundi Saa alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja pale mama yake, ambaye hakuwa ameinuka kitandani kwa miezi miwili, alipomwita na kumwambia jambo ambalo hakuwahi kulitamka.

"Mwanangu, safari yangu imekaribia. Sitaki shuka jipya wala daktari mwingine. Nataka kujua baba yangu amelala wapi."

Baba huyo alikuwa mchukuzi wa mizigo katika ghala la pamba. Asubuhi moja, bintiye akiwa na miaka sita, alitoka kwenda kazini asirudi. Jioni mtu alifika mlangoni, akanong'ona na mkewe, akaondoka. Watoto waliambiwa kwamba ukuta umemwangukia na kwamba wakubwa wa kazi wamekwisha kumzika. Wapi, hakuna aliyesema. Na mjane, ambaye hakujua kusoma, aliogopa kuuliza.

Fundi Saa hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa ameketi nyuma ya meza ileile, katika chumba chembamba kilichobanwa kati ya duka la viatu na kinyozi, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni na mgongo ukizidi kupinda mwaka hata mwaka. Wateja walimwamini kwa kuwa hakubabaisha: saa iliyokwisha aliiita maiti mbele ya mwenyewe, akairudisha bila kuifungua. Siku ya Alhamisi hakufungua duka. Tangu mama yake aliposema neno lile, Alhamisi zake zikawa za ofisi ya makaburi.

Ofisi hiyo ilikuwa chumba kimoja kando ya lango, chenye dirisha lisilofunguka na rafu ya madaftari ambayo mchwa walikuwa wameanza kuyasoma kabla yake. Karani wake, mwanamke wa makamo mwenye sauti kubwa, alimzoea upesi.

"Fundi, umerudi tena? Wenzako huletwa hapa mara moja tu, wewe unakuja kila wiki!"

"Mimi bado naja kwa miguu yangu, bibie."

"Haya, keti. Ila usinigeuzie kurasa kama unafukuza nzi. Hao waliomo humo hawana haraka."

Alisoma Alhamisi nne, jina baada ya jina, kidole kikitembea juu ya wino uliofifia. Jina la babu yake halikuwamo. Alhamisi ya nne karani alimfungia daftari mwenyewe.

"Jina limekukimbia, Fundi. Acha jina, tafuta siku. Nenda maktaba, magazeti ya zamani wanayo. Ukuta ukiua watu, gazeti haliwezi kunyamaza."

Gazeti halikunyamaza, lakini halikusema mengi. Alhamisi iliyofuata, katika ukurasa wa nne, kati ya tangazo la mnada wa ng'ombe na la mwavuli uliopotea, alikuta mistari mitano. Ukuta wa ghala ulikuwa umeanguka siku iliyotangulia kwa sababu ya mvua, na wachukuzi watano walikuwa wamekufa. Jina la mwenye ghala lilichapwa kwa ukamilifu wake, pamoja na pole za mhariri kwa pamba iliyoloa. Mchukuzi hata mmoja hakutajwa.

Alasiri hiyohiyo alirudi makaburini na tarehe yake. Walifungua daftari, na hapo, katika mistari mitano iliyofuatana, liliandikwa jina moja mara tano.

"Karani wenu alikuwa amelewa," alisema Fundi Saa.

Mwanamke yule alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hapana. Huyu siye marehemu, huyu ndiye aliyewaleta. Zamani maiti ikija bila ndugu, hapo mlangoni waliandika jina la aliyetia sahihi. Mnyapara wa ghala alileta watano, basi wote watano wakawa yeye."

"Na wao wenyewe?"

"Umri tu. Tazama safu ya mwisho. Tena wa kukadiria."

Ishirini, thelathini, thelathini, arobaini, hamsini. Babu yake alikufa akiwa na miaka thelathini. Hilo familia ililijua. Karani alimpeleka mpaka mahali penyewe, nyuma ya tangi la maji: makaburi matano yaliyotitia, nyasi zimeyafunika. Alihesabu kutoka upande wa njia, kwa mfuatano wa daftari. Babu yake alikuwa katika la pili au la tatu.

Angeweza kumwambia mama yake jioni ile. Lakini Fundi Saa alikuwa na kanuni: saa aliyoitengeneza aliitundika msumarini siku saba, akiilinganisha na nyingine asubuhi na jioni, ndipo amkabidhi mwenyewe. Jibu lenye "au" ndani yake aliliona kazi isiyokwisha. Jalada la magazeti ya wiki iliyofuata ajali, ambamo huenda majina yalichapwa kwa mfuatano wa kuzikwa, lilikuwa kwa mjalidi likishonwa upya, nalo lingerudi maktaba Alhamisi. Akaamua kungoja.

Jumapili mama yake alimuuliza, "Umepata chochote?"

"Bado kidogo, mama. Alhamisi nitakuletea jibu kamili."

"La kamili la nini, baba? Nipe hilo ulilonalo."

"Vumilia kidogo tu."

Mama aligeukia ukuta. "Wewe na saa zako," alisema taratibu. "Haya, bwana."

Alifariki Jumanne alfajiri. Walimzika kesho yake katika sehemu mpya ya makaburi yaleyale, mwisho kabisa wa uwanja, kando ya ukuta, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imefungwa miaka mingi. Alhamisi Fundi Saa alikwenda maktaba kama alivyopanga. Jalada lilikuwa limerudi, linanuka gundi. Alilisoma lote. Ghala lilitangaza kwamba limefunguliwa tena. Zaidi ya hapo hapakuwa na neno.

Ndipo akamchukua mdogo wake wa kike, ambaye ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha mama yao, akampeleka nyuma ya tangi la maji na kumweleza yote.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza dada yule.

"Alhamisi iliyopita."

"Alipokuuliza Jumapili, ulikuwa unajua?"

"Nilijua ni mmoja kati ya hawa wawili."

"Wawili!" Machozi yalimtoka. "Kaka, yule angewalilia wote watano."

Mdogo wake alimpita, akaingia nyasini na kusimama kati ya kaburi la pili na la tatu. Aliinama kidogo, kama mtu azungumzaye na mgonjwa.

"Babu," alisema, "binti yako ameshakuja. Yuko kule mwisho, ukutani. Hatukumwambia kwamba uko hapa."