Zabibu za Darini

Harufu ya zabibu zinazochacha haifanani na harufu ya mvinyo, ingawa watu wengi hawalijui hilo kwa sababu wamekutana na mvinyo ukiwa umeshatulia ndani ya chupa. Ni harufu nzito, tamu, yenye ukali wa hamira, kama unga wa mahamri uliosahauliwa ndani ya kapu la matunda. Septemba iliyopita jirani yetu hapa Apple Valley, mstaafu mwenye ndevu nyingi na muda mwingi zaidi, alinifungulia gereji yake nione pipa la plastiki alimokuwa akijitengenezea mvinyo. Akaniambia ana ndoto ya kutembelea mji mdogo wa kilimani kule Italia, wenye kuta za mawe na mashamba ya mizabibu yanayoteremka kila upande, akae kibarazani na glasi mkononi bila kufanya lolote. Nikamwambia nimewahi kuishi katika mji wa namna hiyo msimu mzima, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Macho yakamtoka, akauliza nilionja mvinyo gani. Nikamjibu nilionja pilau. Akacheka kwa adabu, kama wanavyocheka watu wa Minnesota wasipoelewa jambo na hawataki kukuudhi. Niliporudi nyumbani, mamangu, aliyekuwa akiishi nasi, alininusa kabla sijavua koti. "Unanuka Italia," akasema. "Kabadilishe nguo."

Sisi ni watu wa Malindi, na Malindi ya utoto wangu ilikuwa na Waitaliano wengi kiasi kwamba watoto tuliamini Italia ni mtaa fulani nyuma ya uwanja wa ndege. Mama alikuwa mpishi wa mmoja wao, bibi mjane tuliyemwita Sinyora, aliyekuwa na nyumba karibu na ufuo. Mwaka huo Sinyora alianguka akavunjika nyonga, na alipoamua kurudi kwao kujiuguza alimwomba Mama amsindikize, ampikie na kumshika mkono hadi msimu wa mavuno uishe. Mji wake, akaeleza bila kuficha, ulikuwa mji wa mvinyo, na familia yake ilikuwa na shamba la mizabibu. Mama alifikiri siku tatu, kisha akatoa masharti yake. Atakwenda na bintiye, kwa sababu baba yangu alikuwa ameshafariki na hakutaka kuniacha. Na hatashiriki katika kazi ya mvinyo kwa njia yoyote: hachumi, hakamui, hamimini. Sinyora aliweka mkono kifuani akakubali yote. Nilikuwepo, nimekaa jikoni ninakwaruza ukoko wa sufuria, na nilisikia kwa masikio yangu.

Niliondoka Malindi nikiwa na hakika kwamba najua Kitaliano. Nilikuwa na Kitaliano cha ufuoni, yaani niliweza kusalimia, kusifu bangili na kusema bei ya mwisho. Watu wa mji ule walipozungumza baina yao sikuambulia hata neno moja. Lakini aibu kubwa zaidi ilikuwa ya Kiswahili changu mwenyewe. Mama alikuwa ameniambia tunakwenda kwenye mashamba ya zabibu, na mimi zabibu nilizozijua zilikuwa zile za dukani, ndogo, kavu, zenye mikunjo kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima, ambazo Mama alizitia kwenye pilau na kwenye tambi za Idi. Tulipofika na Sinyora akanionyesha mashada yananing'inia, mviringo, yamejaa maji na yenye vumbi jeupe kama poda, nilimwonea huruma. Nikamnong'oneza Mama kwamba zabibu za huyu bibi zimevimba. Mama alicheka hadi akashika ukuta, na kwa wiki nzima kila akiniona alinishika shavu akaniuliza kama na mimi nimevimba.

Mji wenyewe ulikuwa juu ya kilima, nyumba zimebanana kana kwamba zinaogopa kuporomoka, na vichochoro vyake vilikuwa vya ngazi tupu. Hilo halikunishangaza, maana vichochoro navijua. Kilichonishangaza ni pumzi ya mji. Chini ya kila nyumba kulikuwa na ghala la mapipa, na kila ghala lilikuwa na dirisha dogo la nondo usawa wa barabara, na kupitia nondo hizo harufu ile ya kuchacha ilitoka mchana kutwa ikitupiga miguuni. Nyigu waliruka mshazari, wamelewa. Kwetu, Mama alikuwa na desturi ya kujifunika pua kwa ncha ya leso kila tulipopita mbele ya baa. Siku ya kwanza alijifunika pua kwenye lango la mji, akaja kuifunua tulipoingia chumbani. Siku ya tatu aliacha. Akasema Mungu anajua kwamba mtu lazima apumue.

Nyumba ya Sinyora ilikuwa ya ghorofa tatu, na juu yake kulikuwa na dari. Siku moja nilitumwa huko kuleta blanketi, nikafungua mlango nikaona mikeka ya matete imetandikwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya mikeka, zabibu. Zabibu za kweli. Zilikuwa hazijakauka kabisa, lakini zilikuwa na mikunjo yao na rangi yao ya kahawia, na nilipoitia moja mdomoni nilijua kwamba hatimaye watu wa mji huu wamepata akili. Sikumwambia mtu. Nilikuwa napanda kila siku kuchukua mbili tatu, nikijihesabu kuwa mtoto mwadilifu kwa sababu sikuchukua nne.

Kisha wingu likaja. Mwana wa Sinyora, Julio, ndiye aliyeendesha shamba, na katikati ya mavuno anga lilianza kuwa jeusi upande wa bonde. Mvua ingeharibu zabibu zilizobaki mitini. Kila mwenye mikono aliitwa shambani, hata fundi viatu. Asubuhi moja Julio aliingia jikoni akamwambia Mama achukue mkasi na kapu. Mama alimkumbusha makubaliano. Julio akasema ni matunda tu, na Mama akamjibu kwamba akishajua tunda linakokwenda, kwake si tunda tena. Sinyora alikuwa pale pale, kwenye kiti chake cha mikono. Alitazama kikombe chake cha kahawa na hakusema neno. Nimemsamehe mambo mengi, bado sijamsamehe kile kikombe. Mama, kwa kutaka amani, akasema atafanya kingine: atawapikia wachumaji wote chakula cha mchana. Julio akapandisha mabega, akaondoka.

Mama alipika kama mtu anayejenga hoja. Alichinja kuku sita mwenyewe nyuma ya banda, mimi nikiwashika miguu. Akatoa kopo lake la viungo alilolisafirisha ndani ya viatu, bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu, na jiko likanukia kwetu hata nyigu wakakaa mbali. Mchele ulipokaribia kukauka alisema, kwa kujisemea tu, kwamba zimekosekana zabibu. Nikamwambia zipo. Nikakimbia darini nikarudi na beseni limejaa. Aliniuliza za nani, nikasema ni za nyumba, za kupikia, zimeanikwa juu, ingawa hakuna aliyeniambia hivyo. Kwetu kinachoanikwa mkekani ni cha jikoni, kiwe mchele, kiwe muhogo. Akazimimina.

Meza ilikuwa ndefu, chini ya kibanda cha shambani, na wachumaji kama ishirini walikula kimya kwa namna ambayo mpishi yeyote angeifurahia. Halafu mzee mmoja asiye na meno alitoa kitu mdomoni, akakiweka kiganjani akakigeuzageuza. Akamwonyesha aliyekaa kando yake. Nikaona habari ikitembea mezani, kiganja hadi kiganja, mpaka ikafika kwa Julio. Ndipo tukajua zabibu za darini zilikuwa za nini. Mke wa Julio alikuwa mjamzito. Katika familia ile mtoto akizaliwa walitengeneza pipa dogo la mvinyo mtamu wa zabibu zilizokaushwa, likafungwa, likasubiri hadi siku ya harusi ya mtoto huyo. Tulikuwa tumekula sehemu kubwa ya harusi ya mtu ambaye hajazaliwa.

Julio alisimama akamwita Mama. Mama alikuja akijifuta mikono, akasimama kwenye kichwa cha meza, mimi nikiwa nyuma yake nimeshika leso yake. Alijua Kitaliano kuliko mimi mara kumi, lakini siku ile alikiweka kando kama mtu anayevua viatu mlangoni. Alinivuta mbele.

"Rehema, mwambie," akasema. "Mwambie nimechukua bila kuuliza. Kosa ni langu. Namwomba radhi yeye na mtoto aliye tumboni."

Hakusema nani aliyeleta beseni. Nilitafsiri kadiri nilivyoweza. Julio akatikisa kichwa, akasema radhi haijazi pipa. Baada ya chakula Mama achukue mkasi kama wengine, achume zabibu mpya za kuanika.

"Mwambie sichumi."

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasiotujua. Kwetu pwani mtu mstaarabu hamkatalii mwenzake usoni. Ukialikwa mahali usipotaka kwenda, unasema inshallah. Ukiombwa kitu usichotaka kutoa, unasema kesho. Anayeambiwa kesho anaelewa, anashukuru, na hakukumbushi tena. Nilikuwa nimelelewa vizuri, na nilikuwa naogopa. Nikamtazama Julio nikamwambia kwa Kitaliano changu chote kwamba Mama anasema kesho. Julio, ambaye hakuna aliyemfundisha adabu zetu, alisikia siku ya wiki. Uso wake ukalainika. Akasema vizuri, kesho, saa kumi na mbili asubuhi.

"Sikusema kesho," Mama akasema, bila kupaza sauti.

"Nimemwambia, Mama."

"Umesema lako. Sema langu."

Kwa bahati njema neno lenyewe kwa Kitaliano ni herufi mbili. Nilisema no. Nililisema nikiangalia miguu yangu, Mama akaniinua kidevu kwa kidole kinachonuka kitunguu, nikalisema tena nikimwangalia Julio. Kisha yule mzee asiye na meno akavuta sahani yake akaendelea kula, na kwa muda kijiko chake ndicho kilichosikika peke yake.

Hatukufukuzwa siku ile, kwa sababu Sinyora hakuweza kuinuka kitandani bila mkono wa Mama. Tulikaa wiki tatu zaidi, tukila sisi wawili jikoni, na wanawake waliokuwa wakiniita niwasaidie kuanua nguo wakaacha kuniita. Mama hakuchuma hata zabibu moja. Lakini tuliporudi Malindi na Sinyora naye akarudi mwaka uliofuata, tulikuta jikoni kwake kuna mpishi mwingine. Mama akaanza kukaanga mahamri na viazi karai mlangoni kwetu, na nilimwona akizeeka mbele ya karai lile kwa miaka. Nitasema ukweli wangu, hata kama haunipendezi: nilimkasirikia yeye, si Julio. Niliona neno moja tu, kesho, lingetuokoa. Na lilikuwa neno langu.

Nikakua nikalifanya hilo neno kuwa nyumba yangu. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimeandika makala kuhusu haki na utu, na sikumbuki mkutano mmoja ambamo niliwahi kukataa jambo waziwazi. Minnesota ilinipokea kama mtoto wa kuzaa, kwa sababu nayo haijui kukataa. Hapa mtu akilichukia wazo lako husema ni wazo la aina yake. Binti yangu, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, aliwahi kuniambia kwamba mimi nikisema tutaona, yeye huenda kutafuta mtu mwingine wa kumuuliza.

Mama alifariki Februari, ardhi ikiwa imeganda kiasi kwamba wachimbaji walitumia mashine. Arobaini yake tuliifanya katika ukumbi wa nyumba za kupanga kule Burnsville, na aliyeipanga ni Bi Zuhura, mwanamke wa Lamu mwenye duka la vitambaa na udi, ambaye bila yeye watu wa pwani katika jimbo hili tusingejuana hata kwa sura. Alinitaka niseme machache kuhusu marehemu, akaomba kwanza asome nilichoandika. Usiku haukupita akanipigia. Alianza na sifa, ndipo nikajua. Akasema ile habari ya Italia niiache.

"Mwanangu, mamako alikuwa mtu wa dini. Ukitaja mvinyo, watu watalibeba hilo tu. Na huo wizi wa zabibu, je? Msitiri mamako."

Nikamwambia inshallah, tutaona. Akashukuru, maana yeye ni mtu wa kwetu na alielewa kwamba nimekubali kwa namna ya kutokubali, na kwamba mambo yameisha. Nikakata simu nikakaa kitandani. Kilichonichoma ni kwamba alikuwa ameomba nifute sehemu moja ya maisha ya mamangu ambayo deni lake sikuwahi kumlipa. Watu wangeambiwa alikuwa mpole, mkarimu, mpishi hodari. Hata Sinyora angeweza kusema hayo. Asubuhi nikampigia.

"Bi Zuhura, hapana. Nitasoma yote."

"Umekuwa Mmarekani," akasema.

"Wamarekani ndio walionifundisha tutaona, Bi Zuhura. Wao na nyinyi."

Akacheka, bila kupenda, akasema nifanye ninavyotaka lakini yeye atakaa karibu na mlango.

Nikiupima wakati ule na huu, sioni kwamba nimekuwa shujaa. Mbele ya meza ya Julio nilikuwa na mtu wa kuniinua kidevu. Burnsville nilisimama peke yangu, miwani inateleza, mbele ya wanawake walionijua kama mtu wa maneno laini. Nilisoma kuhusu masharti yake, na kikombe cha kahawa, na kuku sita. Nilipofika kwenye beseni nikasoma kile ambacho Mama hakuwahi kukisema kwa mtu yeyote hadi anazikwa: kwamba aliyeziiba zabibu ni mimi, kwamba nilikuwa nikizila kwa siku nyingi kabla, kwamba aliponiuliza za nani nilimdanganya, na kwamba alikuwa na mtu wa kumtupia lawama, mtu huyo ameshika leso yake nyuma, na hakufanya hivyo. Mwanamke mmoja katikati ya ukumbi akasema kwa sauti, astaghfirullah. Mwingine akamgeukia jirani yake. Nikainua uso nikawatazama wote, hadi wale wa mlangoni, kisha nikafungua ukurasa uliofuata nikaendelea kusoma.