Tulitoa gemu ya zamani ya tenisi ili tupate mpya

Wakuu, salamu kutoka Kisangani. Hii imenipata mimi mwenyewe na mashahidi wapo. Wawili kati yao bado hawanisalimii.

Nimemaliza chuo, kazi sijapata. Mchana nashinda kwenye salle ya michezo ya Papa Kambale: chumba kimoja, televisheni nne, jenereta nje. Tatu ni za mpira. Ile ya pembeni ilikuwa ya tenisi, na sisi wapenzi wa tenisi ni wachache.

Sheria ya pale: anayeshindwa anatoka, anayeshinda anabaki. Unalipia mechi, si muda.

Gemu mpya ya tenisi ilipotangazwa, nilichanganyikiwa. Trailer niliirudia mpaka mwenzangu Blaise akanificha simu. Niliwaza vumbi jekundu la uwanja, nyuzi za raketi, hata jasho la wachezaji. Ndiyo, nilikosa usingizi kwa jasho la watu wasiokuwepo.

Shida ni kwamba diski zinatoka Butembo, na vita imeharibu safari. Malori yanakaa njiani mpaka yasikie kuko salama. Kadiri tulivyongoja, ndivyo gemu ilivyozidi kuwa tamu kichwani mwangu.

Hatimaye tonton Muhindo, dereva wa lori, akafika nayo. Kwetu hapa unatoa diski ya zamani na kuongeza pesa kidogo. Lori lilikuwa linageuza palepale, hakukuwa na nafasi ya kujaribu.

Papa Kambale, ambaye huniita kwa digrii yangu, akaniangalia. "Licencié, uko certain? Hii ya zamani inaleta batu."

"Papa, hata kwa kuleta watu mpya inaishinda mbali sana. Niamini."

"Bon. Kama haileti batu, televisheni yako inaenda kwa mpira."

Diski ya zamani ikaondoka na lori.

Tukawasha. Picha nzuri, wakuu, sidanganyi. Jasho lipo!

Lakini ile ya zamani ilikuwa na sehemu ya kufupisha mechi. Hii mpya, mimi na Blaise tulipekua menu zote, hatukuona. Tukacheza hivyohivyo. Foleni nyuma yetu ikakaa chini. Baadaye ikahamia kwenye mpira.

"Eh, batu ya tenisi!" mmoja akapiga kelele. "Tuwaletee mikeka mulale?"

Papa Kambale hakuwa anaangalia televisheni. Alikuwa anasikiliza jenereta.

"Donc mafuta yote hii ni ya mechi moja? Na bado muko quarante partout, arobaini kwa arobaini?"

Siku chache zikapita hali ileile, nikampigia tonton Muhindo. "Tonton, ile diski ya zamani, tunaiomba irudi!"

"Njia imefungwa tena, mutoto yangu. Niko Bafwasende. Niliiazimisha vijana wa salle ya huku." Nyuma yake nilisikia makelele. "Wamejaa mpaka inje. Mbona mulitoa kitu tamu hivi?"



Leo ile televisheni ni ya mpira. Mimi naketi pembeni naangalia.

Nilichojifunza: kabla ya kushabikia kitu kipya, fikiria mahali utakapokichezea. Mimi niliwaza kila kitu isipokuwa watu waliosimama nyuma yangu wakingoja zamu.

Mwenye hii gemu, kuna njia ya kufupisha mechi? Tafadhali aandike hapa chini, Papa Kambale hajaiuza bado.

Na kama kuna mtu wa Bafwasende anasoma: msiikwaruze.