Nuksi ya Timu ya Masaki

Enzi za Mwingereza, timu yetu ya Masaki ilifungwa na Visiga miaka minne mfululizo, nami nikishuhudia kila mara. Mara ya nne golikipa wetu, kaka wa mke wangu, aliudaka mpira vizuri kabisa, akageuka kutupungia mkono, akaingia nao golini.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia mke wangu, "Mpira basi. Sitaki hata kuusikia."

Mwaka uliofuata, siku ya mechi nilikwenda kupalilia mihogo. Jioni shemeji akaja mbio shambani, miguu mitupu, jasho linamtiririka.

"Tumetoka sare! Moja kwa moja!"

Nikatupa jembe, nikamkumbatia.

"Sasa shemeji," akasema kwa upole, "wenzangu wamenituma. Wanaona nuksi ni wewe. Mwakani tafadhali ubaki tena shambani."

Iliniuma, lakini nilikubali kwa ajili ya timu. Mwaka huo nikapalilia roho juu, nikang'oa hata mihogo yenyewe. Wakafungwa sita.

Nilisikitika, kweli, ila jina langu lilikuwa limesafishika. Mechi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika uwanjani. Tukafungwa mbili tu.