Jaketi la Pacifique Lililobaki Katana

Nilikwenda Katana kwa ajili ya mke. Mke mwenyewe nilikuwa nimeshampata, Nsimire, jirani yangu hapa Kasha. Kilichobaki ni mama yake, anayekaa Katana, kuniona na kukubali nitume wazee. Kwetu mtu haendi peke yake kwenye shughuli kama hiyo, kwa hiyo nilimchukua Pacifique, mwenzangu wa mazoezi ya baiskeli. Nilikosea. Dada yake aliyeko Ubelgiji alikuwa amemtumia jaketi la upepo, la buluu, jepesi ajabu, ambalo hujikunja lote ndani ya mfuko wake likabaki dogo kama parachichi. Nsimire alilipima mkononi akasema, "Eeh, Paci, iyi haina uzito hata kidogo!" Mimi hajawahi kunisifia hata kofia.

Alfajiri tuliondoka Kasha kwa baiskeli, na ukungu. Kwenye mteremko wa kuelekea Mudaka baridi ya asubuhi ya kiangazi ilituingia hadi mbavuni. Pacifique alivaa jaketi lake huku akiendesha, bila kushuka. Mimi nilikuwa nimetia mfuko wa plastiki chini ya fulana, na kila nikikanyaga pedali ulilia kwaru, kwaru. Wanawake waliobeba ndizi waligeuka kuniangalia.

"Janvier, vaa iyi, mi niko sawa," Pacifique aliniambia.

"Niko na joto," nilijibu, meno yakigongana. Heri nife kuliko kulivaa.

Kavumu jua lilitoka. Alisimama kidogo, akalikunja jaketi na kulitia mfuko wa nyuma wa fulana yake. Mimi ule mfuko wangu nilimpa muuza nyanya mmoja.

Katana, Mama Nsimire alitupokea mlangoni. Nilitoa sukari na sabuni nilizobeba mgongoni, akashukuru, akaziweka mezani. Tulipokaa, jaketi lilimbana Pacifique mgongoni, akalichomoa ili aegemee vizuri. Akabaki amelishika, limekunjwa vile vile, mbele ya mwenye nyumba. Mama akanyoosha mikono yote miwili.

"Aksanti sana, mutoto wangu. Ni nini iyi?"

Ukitoa kitu mbele ya mama kama huyo, naye akanyoosha mikono, hakirudi tena mfukoni. Nilifurahi, sitaficha. Nilimtazama Pacifique nikisubiri ababaike.

"Ni jaketi, mama," akasema, akainuka na kumpa kwa mikono miwili. "Ya upepo ya ziwa, ukienda ku shamba asubui."

Mama alilifungua, likatoka, likaendelea kutoka. Akalivaa juu ya kitenge, akakimbia kumwonyesha jirani. Sukari yangu ilibaki mezani na inzi mmoja. Furaha yangu iliishia hapo.

Baada ya bugali na sambaza, visamaki vya ziwani, alitusindikiza hadi barabarani, bado amelivaa.

"Janvier, utume bazee yako," aliniambia. "Mutu mwenye iko na rafiki kama uyu, hawezi kuwa mubaya."

Yaani nimekubaliwa kwa sababu ya Pacifique!

Wakati wa kurudi, upepo wa ziwa ulitukuta tukiwa tumepita Miti. Pacifique alikuwa akitetemeka, na bado anapiga mluzi.

"Unasikitika jaketi?" nilimwuliza, nikitamani aseme ndiyo.

"Mama alikuwa ameisha kufurahi. Ningefanya nini?"

Jibu hilo lilinichoma kuliko baridi. Nilichojifunza ni kwamba wivu wa jaketi ni mdogo, kwa kuwa siku moja hata mimi naweza kupata jaketi. Tangu Katana nilikuwa nikiionea wivu roho yake, na hiyo hakuna dada wa kunitumia kutoka Ubelgiji.

Jioni Nsimire alikuwa anatungoja kwake Kasha. Nilipomwambia mama amekubali, alipiga vigelegele, akanikumbatia. Kisha nikamsimulia habari za jaketi. Akaniachia.

"Na Paci amerudia bila jaketi, na ii baridi yote?"

Akakimbilia jikoni kutengeneza chai. Kikombe cha kwanza hakikuwa changu.